Maisha ya Profesa Thomas Odhiambo, Mjuzi wa Wadudu Aliyezikutanisha Elimu

Ni desturi ya kurasa hizi kueleza maisha ya watu waliotangulia. Hatufanyi hivyo kwa ajili ya kuwasifu, maana sifa haimwongezei kitu aliyekwisha kufa. Twafanya ili walio hai wapate la kushika. Mara hii tumekhitari kumweleza Profesa Thomas Risley Odhiambo, aliyefariki tarehe 26 Mei 2003. Jina lake lajulikana sana kwa wenye elimu ya wadudu katika Afrika nzima na ng'ambo, walakini katika miji yetu ya pwani ni wachache wamjuao, na hali yeye alizaliwa papa hapa Mombasa.

Huenda msomaji akauliza: maisha ya mtu aliyeshughulika na nzige, mbung'o na funza yatatufaa nini sisi watu wa mijini? Jawabu letu ni hili. Mambo yanayotuudhi, kama malaria, njaa na maradhi ya mifugo, hayatujii yakiwa yamegawanyika mafungu mafungu kama madarasa ya chuo. Malaria si jambo la daktari peke yake. Ndani yake mna mbu, mna maji yaliyotuama, mna nyumba iliyo wazi chini ya paa, mna bei ya chandarua, na mna mazoea ya watu wanapolala na wanapokaa nje usiku. Kila moja katika hayo lina mjuzi wake, na kila mjuzi ameingia kwa mlango wake na kuufunga nyuma yake. Basi elimu nyingi hupotea bure, si kwa kuwa hazina faida, bali kwa kuwa mwenye nusu hii hamjui mwenye nusu ile. Odhiambo aliyatumia maisha yake kuwakutanisha wenye nusu hizo, na hilo ndilo tunalotaka kulieleza.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931, katika jamaa ya Kijaluo. Alisoma Maseno, katika Nyanza, kisha akaenda Makerere, Uganda, ambako siku hizo ndiko walikokwenda vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja waliotaka elimu ya juu. Alipotoka Makerere alifanya kazi ya wadudu katika idara ya kilimo ya Uganda.

Kazi hiyo ilikuwa ya kuwachunguza wadudu waharibuo mimea. Mtu mwingine angeliridhika kumtambua mdudu na kuandika jina lake katika daftari. Yeye alikaa akawatazama. Mwaka 1959 alitoa maelezo ya mdudu mmoja mwindaji, wa ukoo ambao wataalamu huuita Rhinocoris, ambaye kwake dume ndiye akaaye juu ya mayai akiyalinda na maadui. Tena aliandika juu ya jamii kubwa ya wadudu wadogo wafyonzao utomvu wa mimea, akawapanga katika makabila yao, na wale wasiokuwa na majina akawapa. Twayataja haya ili ijulikane kwamba mtu huyu, aliyekuja kuwa mkutanishaji wa elimu nyingi, alianza kwa kuijua sawasawa elimu moja. Hakuwa mtu wa kudokoa huku na huku.

Kisha alikwenda Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alikuwako V. B. Wigglesworth, bingwa mkubwa wa zama zile katika kueleza jinsi mwili wa mdudu unavyofanya kazi. Odhiambo alipata shahada yake ya udaktari mwaka 1965. Uchunguzi wake ulikuwa juu ya nzige wa jangwani, hasa dume, na tezi ndogo sana iliyo karibu na ubongo wake. Tezi hiyo hutoa maji maji ambayo hupita katika mwili wote na kuuamrisha: kukua, kukomaa na kutamani kuzaa. Ikiondolewa, mambo ya nzige huharibika.

Msomaji na aitazame kazi hii vizuri, kwani ndani yake mna mfano wa mambo yote yaliyofuata. Mjuzi wa wadudu aweza kuiondoa tezi na kuona yanayotokea. Walakini hawezi peke yake kusema maji maji yale yameumbwa kwa vitu gani. Hilo ni la mjuzi wa kemia. Na mjuzi wa kemia hata akiyajua maumbile yake, hawezi kusema yafaa nini mpaka amrejee mjuzi wa wadudu, na wote wawili hawajui kama yatafaa shambani mpaka wamwendee mkulima. Mwaka 1967 wanakemia katika Marekani wakiongozwa na Herbert Röller walitambua maumbile ya homoni ya namna hiyo. Mwaka huo huo Carroll Williams wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza kwamba homoni hizo zaweza kuwa silaha ya kuzuia wadudu badala ya sumu. Na watu walikuwa wanaitafuta silaha mpya, maana tangu mwaka 1962 Bi Rachel Carson wa Marekani alikuwa amekwisha kuuonya ulimwengu kwa kitabu chake juu ya madhara ya DDT na sumu zilizofanana nayo.

KATIKA CHUO CHA NAIROBI

Mwaka 1965 Odhiambo alirudi Kenya akafundisha katika chuo cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1970 chuo hicho kilipopata kusimama peke yake kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, yeye ndiye aliyekuwa profesa wa kwanza wa elimu ya wadudu na mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo.

Wanaojua vyuo vikuu wajua mpango wao ulivyo. Kila idara ina jengo lake, fedha zake, mitihani yake na majarida yake. Mwalimu wa kemia hupandishwa cheo na watu wa kemia, kwa yale aliyoyaandika katika majarida ya kemia. Akitumia miaka mitatu kumsaidia mwenzake wa elimu ya wanyama, huenda wa kwao wakamwona amepoteza wakati, na wa kule wakamwona mgeni. Si kwamba watu hao hawapendani. Hukutana wakanywa chai na kuulizana khabari za watoto. Lakini kazi zao hazikutani. Mpango huu tuliurithi kutoka Ulaya, na Ulaya wenyewe wana vyuo vingi na watu wengi, hata hasara yake kwao haionekani upesi. Katika nchi ambayo wakati wa uhuru wake ilikuwa na wataalamu wa kuhesabika, hasara hiyo ilikuwa kubwa.

Mwaka 1967 Odhiambo aliandika makala katika jarida la Kimarekani liitwalo Science, akieleza namna elimu iwezavyo kuiendeleza Afrika Mashariki. Rai yake ilikuwa kwamba nchi zetu zisitawanye nguvu zao kidogo huku na kidogo kule, bali zianzishe vituo vichache vilivyo bora kabisa, ambavyo mtu wa nchi yoyote ataona fahari kufanya kazi humo. Na akaona elimu ya wadudu yafaa kuwa moja ya hizo. Sababu ni dhahiri. Wadudu wa nchi za joto ni wengi kuliko wa nchi za baridi, na udhia wao kwetu ni mkubwa kuliko kwao. Haielekei basi tungoje mtu wa nchi ya theluji atuambie mambo ya mbung'o.

Makala hayo yalipata masikio. Carl Djerassi, mwanakemia mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Stanford, alitoa mwaka 1968 shauri la namna ya kuanzisha vituo kama hivyo katika nchi zinazoendelea: maprofesa wakubwa wa ng'ambo waje kwa muda kila mwaka kuongoza uchunguzi, na vijana waliohitimu wakae pale daima wakiifanya kazi. Jumuiya za wanazuoni za Marekani, Sweden na nchi nyinginezo zikaunga mkono. Mwaka 1970 kikaanzishwa Nairobi kituo cha kimataifa cha kuchunguza miili na maisha ya wadudu, kijulikanacho kwa herufi za jina lake la Kiingereza, ICIPE, na Odhiambo akawa mkurugenzi wake. Kilianza katika eneo la chuo kikuu huko Chiromo, na baadaye kikajenga makao yake Kasarani, mahali palipopewa jina la Duduville, yaani mji wa madudu.

NAMNA KITUO KILIVYOFANYA KAZI

Jambo la kuangaliwa ni hili: kituo hakikugawanywa kwa fani, kiligawanywa kwa maswali. Palikuwa na swali la mbung'o, swali la kupe, swali la mchwa, swali la mbu, swali la viwavijeshi, na swali la funza watobowao mabua ya mahindi na mtama. Katika kila swali waliwekwa pamoja mjuzi wa mwili wa mdudu, mjuzi wa kemia, mjuzi wa mazingira, na baadaye mjuzi wa mambo ya jamii. Hivyo mtu hakuwa akiulizwa kwanza amesoma nini, bali ana nini cha kuleta mezani.

Tutatoa mfano mmoja, wa mbung'o. Wafugaji tangu zamani wajua kwamba nzi huyu huwafuata wanyama fulani zaidi ya wengine. Mjuzi wa tabia za wadudu aliweza kuonyesha kwamba ni harufu inayomwita. Lakini harufu gani? Hapo ndipo kemia ilipoingia. Mwaka 1986 Profesa Ahmed Hassanali na wenzake wa kituo walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa mkojo wa nyati, wakataja vitu vilivyomo ndani yake vinavyomvuta mbung'o. Huko Nguruman, katika nchi ya Wamasai, watu wa kituo walitengeneza mtego wa kitambaa cha rangi ya buluu na nyeusi, kando yake wakaweka mkojo wa ng'ombe uliokaa pamoja na dawa iitwayo asetoni. Ni kitu rahisi. Fundi cherehani aweza kuushona, na mkojo wa ng'ombe hauuzwi dukani. Wafugaji wenyewe wakafunzwa kuitengeneza na kuiangalia mitego hiyo, na mbung'o wakapungua sana mahali hapo. Msomaji na ahesabu ni elimu ngapi zimo katika kipande kile cha kitambaa: ya wadudu, ya kemia, ya macho ya nzi na rangi azipendazo, ya ushonaji, na ya mfugaji ajuaye ng'ombe wake hupita wapi. Ikitoka moja, mtego ni kitambaa tu kilichotundikwa mtini.

MBITA NA RUSINGA

Sasa twende kwenye Ziwa Victoria, mahali ambapo kazi ya Odhiambo imeacha alama kubwa zaidi. Wasomaji wetu walijua jina la Rusinga kwa ajili ya Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi mwaka 1969 na kuzikwa kisiwani humo. Wenye elimu ya mambo ya kale nao walijua kwa sababu nyingine: mwaka 1948 Bi Mary Leakey alipata huko fuvu la mnyama wa kale wa jamii ya nyani, na katika udongo wa kisiwa hicho zimepatikana pia mbegu, matunda na hata wadudu waliogeuka mawe. Mifupa ikaenda kwa mjuzi wa mifupa, mbegu kwa mjuzi wa mimea, majivu ya volkano kwa mjuzi wa mawe, kisha wakaulizana. Basi hata kabla ya kuja wajuzi wa wadudu, Rusinga ilikuwa imekwisha kuwafundisha watu kwamba kitu kimoja chataka macho mengi.

Mkabala wa Rusinga, ng'ambo ya mlango mwembamba wa maji ambao leo huvukwa kwa daraja, ipo Mbita. Hapo Odhiambo alijenga kituo cha shambani. Wengine waliona ni mbali. Yeye alipataka kwa sababu huko ndiko maswali yenyewe yalikokuwa: mahindi na mtama uliotobolewa na funza, mbu wa ziwani, na bonde la Lambwe lenye mbung'o na malale. Maabara ya Nairobi ilikuwa na vyombo. Mbita ilikuwa na mkulima mlangoni. Alitaka mtaalamu aamkapo asubuhi aone kwanza shamba, na mkulima aweze kuingia akaseme hili limefaa na lile halikufaa. Leo kituo hicho chaitwa kwa jina lake.

WANAFUNZI

Odhiambo alikabiliwa na lawama moja nzito, nayo ilikuwa ya haki. Katika miaka ya mwanzo vijana wengi waliohitimu na kufanya kazi kituoni walikuwa wageni. Ilikuwa wazi kwamba wageni wakirudi kwao, elimu itaondoka nao. Mwaka 1983 kituo kikashirikiana na vyuo vikuu vya Afrika kuanzisha mpango wa kufundisha shahada ya udaktari katika elimu ya wadudu. Mwanafunzi huandikwa katika chuo kikuu cha Afrika, na chuo hicho ndicho kimpacho shahada. Lakini uchunguzi wake huufanya kituoni, akiwa na msimamizi wa huku na msimamizi wa huko. Kwa mpango huu chuo kisicho na vyombo kilipata vyombo, na kituo kisicho na ruhusa ya kutoa shahada kilipata wanafunzi. Wanafunzi wa nchi mbali mbali wakakaa chumba kimoja, wakala pamoja, wakajuana. Wengi wao wamekuwa walimu na wakuu wa idara katika nchi zao.

Kazi yake haikukoma Kenya. Mwaka 1983, Abdus Salam wa Pakistani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979, alipowaongoza wanazuoni kuanzisha jumuiya ya wataalamu wa nchi zinazoendelea huko Trieste, Italia, Odhiambo alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Kutokana na hayo ikazaliwa mwaka 1985 jumuiya ya wanazuoni wa Afrika, na yeye akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 alipewa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal, tuzo ya uongozi katika kuondoa njaa Afrika.

TABU ZAKE

Haifai kueleza heshima za mtu na kuficha tabu zake. Kituo chake kilitegemea fedha za wafadhili wa ng'ambo, na mfadhili huwa na haraka. Akitoa fedha mwaka huu, mwaka ujao ataka kuonyeshwa gunia. Lakini mtu aulizaye kwa nini nzi hupenda harufu hii na si ile, hana gunia la kuonyesha kwa miaka kumi. Palikuwa na watu, wa huku na wa huko, walioona kwamba nchi maskini haina haja ya uchunguzi wa namna hii. Yatosha ichukue yaliyogunduliwa na matajiri iyatumie. Odhiambo alishindana na rai hiyo muda wote wa kazi yake, kwani aliona kwamba anayeazima jawabu la mwenzake huishia kuazima na swali lake. Mwaka 1994 aliacha uongozi wa kituo, baada ya miaka ishirini na minne.

Je, rai yake ilikuwa ya kweli? Hili si swali la kujibiwa kwa maneno matamu. Tutazame yaliyotokea Mbita na Rusinga.

YALIYOTOKEA BAADAYE

Katika miaka ya 1990, Odhiambo alipokuwa akikaribia kumaliza kazi yake, Zeyaur Khan wa kituo cha Mbita na John Pickett, mwanakemia wa Rothamsted, Uingereza, pamoja na wenzao wa utafiti wa kilimo wa Kenya, walianza kutafuta njia ya kuwazuia funza wa mabua bila sumu. Walipanda kati ya mistari ya mahindi mmea wa jamii ya kunde uitwao desmodium, ambao harufu yake humfukuza kipepeo mzazi wa funza. Kandokando ya shamba walipanda majani ya Napier, ambayo kipepeo huyapenda kuliko mahindi. Hutaga humo, lakini funza wake wengi hufa kwa utomvu wa majani hayo ulio kama gundi. Hivyo adui husukumwa kutoka ndani na kuvutwa kutoka nje.

Kisha likatokea jambo ambalo hawakulitafuta. Palipopandwa desmodium, gugu la striga, ambalo Wajaluo huliita kayongo, lilitoweka. Gugu hili hushika mizizi ya mahindi na kuyanyonya, na mkulima wa huko huliogopa kuliko funza. Kama shambani pangelikuwa na mjuzi wa wadudu peke yake, huenda angeliandika hesabu ya funza akaenda zake. Lakini waliitana. Ikaonekana kwamba mizizi ya desmodium hutoa vitu viwili kwa pamoja: kimoja huiamsha mbegu ya gugu iote, na kingine huizuia isishike mizizi ya mahindi, basi ikafa. Juu ya hayo mmea huo huurutubisha udongo, na majani yake ni chakula cha ng'ombe. Mkulima aliyetaka kuondolewa funza alipata pia mahindi yaliyosalimika na gugu, udongo na maziwa.

Na katika Rusinga yenyewe, kati ya mwaka 2012 na 2015, kituo kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi kujaribu jambo kubwa. Nje ya nyumba waliweka mtego wa mbu wenye harufu inayofanana na ya mwili wa binadamu, unaoendeshwa na kibao cha umeme wa jua. Na kibao hicho hicho kikaipa nyumba taa mbili na mahali pa kutia nguvu simu. Walikuwamo wajuzi wa mbu, wa kemia, wa umeme, wa tiba, wa hesabu na wa mambo ya jamii. Matokeo yakatolewa mwaka 2016. Katika mafungu ya nyumba zilizokwisha kupata mitego, watu 23.7 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na vijidudu vya malaria. Katika zile zisizopata bado, walikuwa 34.5. Mbu wa aina ya Anopheles funestus, aliye mwenezaji mkubwa, alipungua kwa asilimia 69.2.

Insafu yatupasa kusema na yaliyopungua. Watu waliougua malaria wakati wa jaribio walikuwa wachache, hata haikuwezekana kuonyesha kwamba ugonjwa wenyewe ulipungua kwa mitego. Aina nyingine ya mbu haikuathirika kama ile. Tena wajuzi wa mambo ya jamii waliuliza swali ambalo mjuzi wa mbu hakulifikiri: mtego ukiharibika wataalamu wakiwa wameondoka, nani ataugharimia? Nao waliona kwamba watu wengi walikithamini kile kibao kwanza kwa ajili ya taa. Hii nayo ni elimu. Dawa inayokuja na taa hutunzwa kwa sababu ya taa, na mtu asiyejua hivyo ataeneza mitego isiyotunzwa.

Mambo haya mawili hatuyahesabu kuwa kazi ya mikono ya Odhiambo; yana wenyewe. Lakini nyumba iliyowaweka wenyewe hao pamoja, kando ya ziwa, mlangoni mwa mkulima na mvuvi, aliijenga yeye, wakati wengi walipoona ni anasa. Na haja yake haijaisha. Mwaka 2020 nzige wa jangwani, wale wale aliowachunguza katika ujana wake, waliingia Kenya kwa wingi ambao haukuonekana kwa miaka 70.

LA KUSHIKA

Nasi watu wa pwani tusidhani haya ni mambo ya bara. Mwarobaini tuupandao nyuani, na tunaouita hivyo kwa kuwa wazee waliusifu kwa maradhi arobaini, ndani ya mbegu zake mna kitu ambacho wanakemia wa Uingereza walikitoa mwaka 1968 kwa kuwajaribia nzige wa jangwani, nao wakaacha kula. Na Unguja, katika miaka ya 1950, mtaalamu aitwaye M. J. Way alieleza kwa nini vidaka vya minazi hupukutika kabla ya wakati: yuko mdudu mfyonzaji anayeviharibu, na minazi iliyokaliwa na chungu wa maji moto husalimika, kwa kuwa chungu hao humwinda. Mkwezi anayejua mnazi upi una maji moto, kwa kuwa wamemuuma, ana nusu ya elimu ile. Nusu nyingine iko maktabani. Ni nani katika sisi aliyewakutanisha?

Kwa muhtasari, maisha ya mtu huyu yatufunza mambo manne. La kwanza, aijue mtu elimu yake kwanza, kwani mkutano wa wasiojua hautoi kitu. La pili, tuanze na swali wala tusianze na jina la fani. La tatu, mwenye shida awe ndani ya majlisi tangu mwanzo, asije akaitwa mwisho kupokea. La nne, wafunzwe vijana wa hapa, ili mgeni akiondoka asiondoke na ufunguo.

Vijana wetu wengi sasa wanasoma katika vyuo vikuu, huyu udaktari, huyu uhandisi, huyu sheria, huyu hesabu. Wakirudi likizoni hukaa baraza moja, wakazungumza mpira na siasa hata usiku wa manane, wala mmoja hajui mwenzake anachunguza nini. Twawashauri jambo dogo lisilo na gharama: kila mmoja aeleze kazi yake kwa Kiswahili ambacho mwenziwe na mzee aliyekaa pembeni watakifahamu, kisha wamwache mzee aulize. Huenda swali la mzee likawa ndiyo nusu iliyokuwa ikikosekana.